Sanda ya Mama Kwenye Bendera

Siku tuliyomzika baba, kabla jeneza halijanyanyuliwa, mzee mmoja wa msikitini alisimama mlangoni mwa chumba cha wanawake akauliza kama ada inavyotaka: je, mke wa marehemu amemhalalishia mumewe yote yaliyokuwa baina yao? Hilo ni swali lenye jibu moja. Hata mwanamke aliyekuwa akipigwa kila wiki hujibu kwamba ameridhia, watu wakaitika amina, na maiti ikatoka. Mama alijibu nyuma ya pazia, kwa sauti iliyofika mpaka barabarani.

"Nimemsamehe yote, ila kitambaa changu."

Mzee akauliza tena, akidhani hakusikia vizuri. Mama akajibu vilevile. Basi jeneza likatoka hivyo hivyo, na mtaa mzima wa Tanambao ukapata la kusema kwa mwezi. Mimi nilikuwa nimekaa ubavuni mwake, mtoto wao wa pekee, na sikulia. Nilikuwa natazama kidole changu cha gumba nilichokuwa nimekikata asubuhi nikimenya vitunguu.

Kitambaa chenyewe kilikuwa sanda. Kwetu sisi, watu ambao babu zao walivuka kutoka kisiwa cha Ngazija kuja kufanya kazi Mahajanga, kwenye nchi ya Wamalagasi, mtu mzima huweka sanda yake mapema, chini kabisa ya sanduku, pamoja na ubani. Ya mama ilikuwa na hadhi ya pekee. Kaka yake alipokwenda kuhiji alimnunulia bafta nyeupe ya dhiraa nne kwa mbili, akaiosha kwa maji ya Zamzam, akainyunyizia zafarani pembeni. Sanda ya mwanamke ina vipande vingi. Hicho kilikuwa cha ndani, cha kugusa mwili. Mjomba alirudi nacho, akamkabidhi, na mwaka haukuisha akafariki. Mama alikuwa akikitoa mara moja kila mwaka, anakianika kivulini, anakirudisha. Sisi wengine hatukuruhusiwa hata kukigusa.

Baba alikuwa fundi cherehani. Alishona kanzu, suruali za makarani, sare za shule. Wiki ya uhuru ilipofika kila mtaa ulitaka bendera yake, na mkubwa wa mtaa wetu akaja na vitambaa viwili, chekundu na cha kijani, akamwambia baba ajitafutie cheupe. Cheupe hakikuwapo. Maduka ya Wahindi yalikuwa yamekauka bafta tangu Jumatatu. Fundi mwingine angesema hakuna, basi. Baba hakuweza. Alizaliwa mji ule, na mimi nilizaliwa mji ule, lakini bado watu walituita wageni wa visiwani, na sasa nchi ilikuwa inapata wenyewe. Mgeni akiombwa kushona bendera ya wenye nchi, hasemi amekosa kitambaa cheupe.

Kwa hiyo akafungua sanduku la mama. Hakumuuliza. Mama alikuja kuona siku ya gwaride, bendera ilipopita mbele yake: lile doa la zafarani, njano iliyoanza kuiva kuwa kahawia, pembeni chini ya sehemu nyeupe. Hakungoja hotuba. Alirudi nyumbani, akamsubiri baba, na aliporudi na wateja wake watatu waliokuja kumpongeza, alimwita mwizi mbele yao. Alikuwa na hesabu yake. Sehemu nyeupe ya bendera ilikuwa dhiraa mbili kwa moja. Kitambaa chake kilikuwa dhiraa nne kwa mbili.

"Umekata robo," alisema. "Robo tatu umemuuzia nani?"

Wateja wakaaga. Wazazi wangu wakaingia chumbani, mlango ukafungwa. Nilisikia sauti ya baba mara moja tu, ya chini, maneno machache. Kisha nikamsikia mama akicheka, kicheko kibaya ambacho sikupata kukisikia tena. Tangu hapo waliishi kwa salamu na chakula. Mwaka na nusu ukapita hivyo, baba akafa kwa homa ya siku nne.

Mama alipomaliza eda nilimchukua nikaenda naye kisiwani Nosy Be. Mume wangu alikuwa mpima miwa kwenye kiwanda cha sukari cha Dzamandzar, tulikuwa na nyumba ya mabati ya kiwanda, vyumba viwili, na harufu ya molasi ndani ya kila kitu mpaka ndani ya mto wa kulalia. Mama hakulalamika. Alikaa dirishani akachambua mchele. Miguu yake ikaanza kuvimba. Daktari wa kiwanda akasema ni moyo, akatoa vidonge, akaniita pembeni akaniambia nisitarajie mengi. Nikamwambia asante. Kila jioni nilimkanda miguu kwa mafuta ya nazi, na kidole changu kiliacha shimo kwenye nyama yake ambalo lilichukua muda kujaa. Nililitazama lile shimo likijaa. Sikuwa na huzuni. Watu husema moyo uliuma, moyo ulichanika. Wangu ulikuwa umekufa ganzi kama mguu uliokaliwa, unajua upo kwa sababu umeshikamana nawe.

Wanawake wa jirani walikuwa wakinong'ona kwamba baba yangu hajapumzika huko aliko, kwamba maiti isiyohalalishiwa na mke huning'inia. Niliwaacha wanong'one. Lakini mama naye alisikia, maana masikio yake yalikuwa mazima, na siku moja shemeji wa jirani alipokuja kutoka Mahajanga akatuhadithia kwamba wamefungua nyumba ya kumbukumbu za uhuru, na bendera ya Tanambao imewekwa mle ndani, mama aliacha mchele.

"Nenda," akaniambia. "Wewe ni mtoto wa fundi, unajua kufumua. Niletee kipande changu. Hata hiyo robo. Nikiishika mkononi nitamhalalishia baba yako, nife na yeye apumzike."

"Na wakikataa?"

"Basi atangoja."

Hivyo ndivyo alivyosema, atangoja, kama mtu anayemzungumzia mteja barazani. Nilifunga kanga mbili, nikachukua mkasi mdogo wa baba, nikapanda meli ya abiria bandarini Hell-Ville.

Sitaieleza safari. Nilitapika, nikafika.

Makumbusho yenyewe yalikuwa chumba kimoja katika nyumba ambayo zamani aliishi karani wa kodi wa Kifaransa. Niliipita mara mbili nikidhani ni ofisi ya posta. Mlinzi wake alikuwa Mmalagasi wa makamo, amevaa tai na ndala, na alifurahi kuniona kupita kiasi. Nadhani nilikuwa mtu wa kwanza siku ile, huenda wiki ile. Alianza kwa Kifaransa cha kukariri, akaona uso wangu, akahamia Kimalagasi, nami nikamjibu kwa hicho hicho. Nayaandika haya kwa Kiswahili nilichokuja kukizoea baadaye, nilipoolewa mara ya pili Unguja. Siku ile hakuna aliyekisema ila kwa neno moja moja la dini na la kushona.

Alitaka tufuate utaratibu. Kwanza kiti alichokalia mkubwa fulani siku ya sherehe, chenye kamba mbele yake ili mtu asikikalie. Kisha kipaza sauti. Kisha daftari la mtoto wa shule lililonakiliwa wimbo wa taifa kwa mwandiko mzuri sana. Kisha kalamu, ambayo mlinzi mwenyewe hakuwa na hakika iliandika nini. Nilitazama kila kitu alichonionyesha. Nilitikisa kichwa pale panapostahili. Kilikuwa kiti tu, na kalamu tu, nami nilikuwa nimesimama mbele yake tu, na nje muuza maji alikuwa anapita akigonga ndoo. Niliwahi kuwa na furaha siku ile ya uhuru, nakumbuka kwamba nilikuwa nayo, nilipiga makofi mpaka viganja vikawasha. Niliitafuta mle chumbani sikuipata.

Bendera ilikuwa imetundikwa ukutani kwa misumari midogo minne. Nyeupe upande wa mlingoti, nyekundu juu, kijani chini. Doa lilikuwa pale pale.

"Na hii," mlinzi akasema, akishusha sauti, "ni damu. Kijana aliyepanda mlingoti kuifunga alikwaruzwa mkono. Watoto wa shule hupenda sana kuiona."

"Ni zafarani," nikasema.

Akacheka kwa heshima, kama mtu anayemcheka mgeni asiyejua. Nikamwambia tena. Nikamwambia bendera hii ilishonwa na baba yangu, na kwamba nyeupe yake ni kitambaa cha mazishi cha mama yangu, aliye hai, na kwamba nimetumwa kukichukua. Nilisema kwa mkupuo mmoja, bila kupandisha wala kushusha, kama mtu anayeagiza nusu kilo ya sukari.

Mlinzi alirudi nyuma hatua mbili. Akafuta viganja vyake kwenye suruali, akavitazama, akafuta tena. Kwa watu wake nguo ya kumfunga maiti si kitu cha kuchezea; ni mwiko, ni *fady*, kuiweka nyumbani mwa walio hai kama pambo.

"Mimi ndiye ninayeipiga pasi," akasema. "Kila mwezi. Kwa mikono yangu hii." Kisha akaongeza: "Nilikuwa nashangaa mbona upande mweupe ni mzito. Nilidhani fundi ametia bitana ndani."

Hapo ndipo aliponitazama vizuri kwa mara ya kwanza, usoni, halafu kwenye kanga yangu, halafu usoni tena. Akaniuliza kama baba yangu alikuwa mtu mfupi, mwenye kofia ya kudarizi, anayekohoa kabla ya kusema. Nikasema ndiye. Akaniambia kwamba kabla ya nyumba hii kufunguliwa alikuwa tarishi kwenye ofisi walikoihifadhi bendera, na mzee yule alikuja mara mbili. Alikuja kuomba aruhusiwe kuifumua na kuishona upya kwa bafta nyingine aliyokuja nayo chini ya kwapa. Mara ya kwanza wakamcheka. Mara ya pili mkubwa wa ofisi alimwambia kwamba Mkomoro anayetaka kuichana bendera ya taifa afikirie sana kabla ya kusema tena, maana kuna askari, na kuna meli za kumrudisha kwao.

"Kwao wapi?" nikauliza.

Mlinzi alitazama ndala zake. Alisema kwamba mzee aliondoka kwa adabu, na bafta yake.

Hakutaka kuigusa tena bendera, kwa hiyo alinipa kisu cha kung'olea misumari, akasimama mlangoni. Niliishusha mwenyewe, nikailaza juu ya meza ya daftari la wageni, nikaigeuza.

Baba alinifundisha kushona nilipokuwa na miaka saba. Jambo la kwanza alilonifundisha ni uzi wa kushikiza: mishono mikubwa, milegevu, ya muda, ambayo fundi huitoa nguo ikishakamilika. Alikuwa na desturi ya kutumia uzi wa bluu, kitambaa kiwe rangi yoyote, ili asiusahau ndani. Upande wa nyuma wa sehemu nyeupe, pembeni kote, ulikuwa umeshikizwa kwa uzi wa bluu. Nyekundu na kijani alikuwa ameziunga pamoja kwa cherehani, mshono wa kudumu. Lakini nyeupe haikupitiwa na cherehani popote.

Niliingiza kidole kwenye pindo. Kikapita. Nikapapasa ndani, mkunjo, na ndani yake mkunjo mwingine. Nikahesabu tabaka pembeni kwa ukucha: nne. Dhiraa nne kwa mbili, iliyokunjwa kwa urefu mara moja na kwa upana mara moja. Nilihesabu tena nikianzia upande wa pili, kwa sababu mimi ni mtu wa kuhakikisha. Nne. Hapakuwa na ukingo uliokatwa. Kitambaa cha mama kilikuwa kizima, chote, ndani ya bendera, kimeazimwa kwa siku moja.

Nilijua kwamba hapo mtu hulia. Nilingoja kidogo nione. Kisha nikamuuliza mlinzi kama naweza kukichukua.

Akasema bendera ni mali ya taifa. Akasema angeandika barua Antananarivo, jibu huchukua miezi, pengine lisije. Nikasema mama yangu hana miezi. Akatazama barabara. Halafu akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba anakwenda kuteka maji kisimani, na kisima kiko mbali, na huwa pana foleni. Akachukua ndoo, akatoka, akaufunga mlango nyuma yake.

Mkasi ulikuwa kwenye mkoba wangu. Uzi wa kushikiza wa baba ungetoka kwa kuvuta ncha moja; ningemaliza kabla mlinzi hajafika kisimani. Nilikaa kwenye kiti. Nilikuwa nimeshakaa ndipo nikaona kwamba ni kile chenye kamba. Nilifikiri juu ya yule mtu na tai yake na ndala zake, na watakachomfanya wakikuta rangi mbili ukutani. Na nilifikiri kwamba baba alikuwa na mkasi huu huu mfukoni mara zote mbili, na aliomba. Nikikitoa kwa siri, basi mwishowe mwizi angepatikana katika nyumba yetu kweli.

Mlinzi aliporudi, bendera ilikuwa ukutani na misumari yake minne. Aliitazama, akanitazama, akaitua ndoo. Sijui kama alishukuru au alinidharau. Aliniomba niandike jina kwenye daftari la wageni, na sehemu ya maoni nikaandika: imeshonwa vizuri.

Mama alikuwa macho nilipofika Dzamandzar, saa za alasiri, kiwanda kimetoka kupiga king'ora cha kubadilishana zamu. Alitazama mikono yangu kwanza. Nikavua viatu, nikachukua chupa ya mafuta, nikakaa miguuni pake nikaanza kumkanda, na huku nikimkanda nikamweleza. Sikuongeza wala kupunguza. Nilimweleza pasi, uzi wa bluu, tabaka nne, ofisi, bafta chini ya kwapa, askari.

"Umehesabu kwa mkono wako?" akauliza.

"Mara mbili."

Alifumba macho. Nilidhani amelala. Kisha akasema, akitazama dari:

"Aliniambia. Siku ile, chumbani. Aliniambia, sikukikata mke wangu, nimekikunja, kesho nitakufumulia. Nikamcheka. Nikamwambia hata uongo hujui kuushona."

Niliendelea kukanda. Alinituma niwaite wanawake wa jirani, wakaja wanne, mikono yao ina unga. Akajiinua kwa kiwiko, akasema mbele yao, kwa sauti aliyoisemea siku ya maziko, kwamba amemhalalishia mumewe yote, na kitambaa pia, na kwamba alimsingizia na sasa wote wajue. Wakaitika amina. Mmoja akalia. Wakarudi kwenye unga wao.

Tulipobaki wawili akaushika mkono wangu, mikono yote imejaa mafuta.

"Na mimi? Mimi nani atanihalalishia? Mwenyewe ameshakwenda."

"Amekusamehe, mama. Unamjua alivyokuwa."

"Usimsemee. Nimekuuliza wewe. Wewe ulikuwapo, ulisikia nikimwita mwizi, ulisikia siku ya jeneza. Sema lako."

Nilifungua mdomo kusema ndiyo. Ni swali lenye jibu moja, nilishasema. Na hapo, katika siku zote zile, ndipo ganzi iliponitoka, na kilichokuwa chini yake hakikuwa huzuni. Ilikuwa hasira. Nilimkasirikia mpaka masikio yakavuma. Nilimwona baba akitoka mlangoni juu ya mabega ya watu bila amina, mtu aliyekwenda mara mbili kudhalilishwa kwa ajili ya kitambaa cha mwanamke huyu, na akirudi nyumbani hakulisema. Nilimpenda mama, nasema hivyo bila kusitasita, na neno halikutoka.

"Nitachemsha chai," nikasema.

Akauachia mkono wangu. Hakuniuliza tena. Siku kumi na moja alizoishi baada ya hapo tulizungumza habari za mchele, na mvua, na vidonge, na kila jioni nilimkanda miguu, na kila jioni nilijiambia kesho.

Nilimwosha mimi mwenyewe, kama ilivyo haki ya binti. Sanda ilikuwa bafta ya dukani, Hell-Ville, ngumu, bado ina wanga. Wanawake waliokuja kunisaidia walitoka kwenda kuchukua maji ya mwisho, nikabaki naye peke yangu kwa muda wa kuijaza ndoo moja. Nikainama sikioni kwake nikasema nimekuhalalishia, mama. Nikasema mara tatu, kwa sauti kubwa, kama ninavyosema na mtu asiyesikia vizuri.